Rangi ya Kijani Chini ya Bluu

"Nani anaendeshaka hii gari?"

Hilo ndilo swali, mwanangu. Liliulizwa uani kwetu, hapa Ndosho mjini Goma, mchana wa Jumamosi, na mtu aliyekuwa na bunduki begani. Mimi niliyekuwa na neno la kusema juu ya kila kitu, niliyewachosha walimu na mapadri kwa maswali, siku ile sikuwa na jibu. Nilikuwa nalijua. Sote uani tulilijua. Lakini jibu lenyewe lilikuwa limesimama hatua chache kutoka kwangu, limevaa ovaroli ya kubana, na jina lake ni Kambale. Baba yako.

Nakuandikia wewe Masika, kwa sababu wiki iliyopita ulikuja na simu ya baba yako kunionyesha picha ya gari la mtu fulani, refu, lenye taa juu ya paa, ukaniuliza, "Shangazi, yetu tuipake rangi gani?" Ulitaka jibu la haraka. Nikakuambia nitafikiri. Haya ndiyo niliyofikiri. Umri wa kuwapa watu nasaha sijaufikia, na ugonjwa wa kuuliza kwa nini haujanitoka. Lakini wewe bado unasimama juu ya jerikani ili uifikie injini, kwa hiyo mbele yako mimi ni mzee wa kutosha. Vumilia.

Pikapu ile unayotaka kuipaka rangi ilikuwa ya babu yetu, muzee Paluku. Hukumkuta. Alikuwa mwalimu, kisha mkuu wa shule ya msingi, maisha yake mengi akiyafanyia Kalengera, kule njia ya Rutshuru, mpaka alipostaafu akaja Goma na Koko, bibi yetu. Mimi na baba yako tulikaa kwao kwa ajili ya masomo, maana wazazi wetu walikuwa Butembo wakihangaika na biashara ya maharagwe. Muzee alilipata gari likiwa limelala nyuma ya ghala la parokia, kuku wakitaga ndani yake. Aliwaomba wampe, wakampa kwa furaha, kama mtu anayekusaidia kutoa takataka. Lililetwa likiwa limefungwa kwa kamba nyuma ya lori, na Kambale ameshika usukani.

Ukweli ni kwamba muzee hakuwa fundi. Watu humsimulia siku hizi kama fundi mkubwa, na mimi sipendi hadithi zinazonenepa. Alifunga vitu kinyume. Alisahau boliti ndani ya injini, kisha akazitafuta kwenye mfuko wa koti. Alikuwa mtu aliyefundisha watoto kusoma kwa miaka mingi, na sasa alitaka kitu ambacho kikikosewa hakilii. Kila Jumamosi baada ya chai alivaa lastiki zake, zile ndala za mpira wa gurudumu, akafungua boneti, na uso wake ukawa wa mtu mwingine.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma sheria, na nilimfuata na maswali yangu.

"Muzee, hii gari itatupeleka wapi?"

"Itatupeleka Jumamosi ijayo."

"Na Jumamosi ijayo?"

"Ile ingine. Mama Kwanini, nishikie hii taa."

Ndivyo alivyoniita, Mama Kwanini. Na alikuwa na sheria moja uani: hakuna kukaa ukitazama. Ukitoka nje Jumamosi, utashika kitu. Koko alisafisha plagi kwa brashi ya meno iliyochoka. Mimi niliosha vyuma katika beseni la petroli. Mgeni akija kusalimia alipewa spana aishike kwanza, salamu baadaye. Saa ya kula ikifika sote tulikuwa na mikono myeusi, na sabuni ya nyumba ile ilikwisha haraka kuliko chumvi. Nilimuuliza kwa nini tuchafuke wote wakati kazi ni ya watu wawili. Akasema, "Gari ni ya nyumba nzima." Nililiona kuwa jibu la mtu asiye na jibu.

Kuendesha alimwachia Kambale. Gari likihitaji kusogezwa, kutoka kivulini kwenda juani, kutoka uani mpaka mlangoni, aliita, "Dereva," na Kambale akaruka ndani. Kambale alijifunza kwa dereva wa lori wa mtaa wa pili, kijana aliyeitwa Bahati, na alijua vizuri. Muzee mwenyewe alikuwa na maneno yake. Macho yamechoka. Mguu unauma. "Mimi niliendesha vya kutosha kule Kalengera, nikiwa na gari ya misioni. Sasa ni zamu ya vijana." Hatukuona sababu ya kulichunguza hilo.

Basi gari likapona, polepole. Na lilipopona, likatuingia kichwani. Kambale aliongeza springi nyuma likainuka juu. Kisha akamleta mchomeleaji mmoja wa barabarani wakatengeneza bampa la mbele kwa bomba nene la chuma, zito mno, likafungwa pale palipopatikana. Kisha fremu ya mabomba kwenye bodi nyuma, ya kufungia magunia, iliyofika kifuani kwa mtu mzima akisimama ndani. Majirani walipita wakicheka. "Papa Paluku, unaenda vita gani?" Muzee akawajibu, "Ya viazi." Sote tulicheka. Kaa na kicheko hicho kidogo, mwanangu, maana kilikuwa na kitu ndani yake na hatukukisikiliza.

Kilichofuata kilikuwa rangi. Muzee alikuwa amekwenda kwenye maziko Katoyi, na Kambale akaona amfurahishe. Aliporudi jioni alikuta gari limesimama uani limepakwa kijani kutoka mbele mpaka nyuma, rangi nzito isiyong'aa, na Kambale kando yake ameshika brashi kama bwana harusi aliyeshika maua.

Muzee hakusalimia.

"Nani alileta hii rangi?"

"Ni mimi, muzee. Niliipata Katindo."

"Katindo wapi?"

"Karibu na kambi ya askari. Kuna mutu alikuwa anauzisha ndoo nzima. Haikuandikwa kitu."

"Na hukujiuliza mutu wa karibu na kambi anatoa wapi ndoo ya kijani isiyoandikwa kitu?"

Kambale akanitazama mimi nimwokoe. Nikafungua mdomo wangu uliosoma sheria. "Muzee, rangi ni rangi. Kuna sheria gani inakataza raia kupaka gari yake kijani?"

Alinishika mkono wa shati. Hakunivuta kwa nguvu, lakini hakuniachia, na hapo nikaacha kujiona mjanja. Alinitoa nje ya lango, akanisimamisha barabarani juu ya mawe ya lava, akafungua lango lote.

"Sasa angalia uani kama mutu asiyetujua. Hujui jina langu, hujui nilifundisha nani. Unaona nini?"

Niliangalia. Niliona gari refu, pua ya chuma, fremu nyuma ya watu kusimama na kushika, rangi ya kijani. Niliona, bila kutaka, watu wamesimama mle.

"Naona gari ya askari."

"Njo hivyo, ndivyo. Wa upande huu ataona gari yake iliyoibwa. Wa upande ule ataona gari ya adui. Hakuna atakayeona gari ya mwalimu." Kisha akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Wewe unaulizaka kila kitu kwa nini. Ni vizuri. Lakini hujaulizaka hata siku moja ni nani anatuangalia."

Kabla giza halijaingia tulikuwa tumeshalipaka tena. Rangi iliyokuwapo nyumbani ilikuwa bluu, mabaki ya milango ya shule yake ya mwisho, na tuliipaka kwa brashi ya chokaa. Gari likafanana na mlango wa darasa. Kambale alikaribia kulia. Muzee alizunguka akitafuta mahali palipopenya kijani, akiweka bluu tena, na tena, mpaka ndoo ikakauka. Lakini rangi iliyopakwa juu ya rangi mbichi haishiki vizuri. Fundi wa kweli angetuambia.

Halafu zikaja zile siku.

Sitakueleza ni nani waliondoka na nani waliingia. Mji huu umeona waingiaji wengi, na baba yako na mimi hatukubaliani hata juu ya majina yao. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa ndani ya nyumba. Tulijifunza kusikiliza injini. Pikipiki ikipita, tunaendelea kula. Gari kubwa likipita, mikono inasimama kwenye sahani. Gari kubwa likisimama, hakuna aliyepumua mpaka liondoke. Watu wenye bunduki walikuwa wakikusanya magari, mtaa kwa mtaa. Hilo peke yake tungelivumilia, gari ni chuma. Lakini wao wenyewe wengi hawakujua kuendesha, kwa hiyo walipochukua gari walichukua na anayeliendesha.

Walimchukua Bahati, yule aliyemfundisha Kambale. Walimkuta ndani ya lori lake asubuhi, wakapanda nyuma, wakamwonyesha njia kwa mkono. Lori lilikuja kuonekana pembeni ya barabara ya Rutshuru, limeungua. Bahati hakuonekana. Mama yake alianza kusimama mbele ya nyumba yao na kumuuliza kila anayepita kama amesikia neno. Mimi nilianza kupita njia nyingine, ndefu zaidi, ili asiniulize.

Tulikaa tukashauriana, kwa sauti ndogo, na redio imewashwa. Kulificha gari haikuwezekana. Mahali pa kuficha pikapu yenye pua kama ile hapakuwapo Ndosho nzima. Mimi nikasema tulivunje. Kambale akasema tutoe magurudumu tuyaweke chini ya kitanda. Muzee akasema, "Kesho ni Jumamosi. Tutatosha magurudumu kesho."

Kesho yake alitoka nje akiwa amevaa viatu vyake vyeusi vya kanisani, vya kufunga kwa kamba, na sweta nzito chini ya ovaroli. Jua lilikuwa tayari kali juu ya mabati.

"Muzee, lastiki zako ziko wapi?"

"Kuna baridi."

Hakukuwa na baridi. Siku nyingine ningemsumbua mpaka aniambie. Siku ile nilikuwa nasikiliza barabara.

Boliti zilikuwa zimeshikwa na kutu. Kambale alizipiga, zikakataa. Koko alileta kopo la oili chafu, mimi na yeye tukawa tunazipaka ili zilegee, muzee ameegemea spana kwa uzito wake wote. Mikono yetu ikawa myeusi mpaka juu ya kifundo. Hata boliti moja haikuwa imetoka lango lilipogongwa, na waliogonga hawakusubiri lifunguliwe.

Walikuwa watatu. Aliyetangulia alikuwa mwembamba, amenyoa vizuri, na alikuwa na adabu. Adabu yake ndiyo iliyoniogopesha kwanza.

"Bonjour ya familia. Muko na kazi leo?"

"Kidogo, patron," muzee akasema.

Alizunguka gari akitabasamu. Alilisukuma likayumba juu ya springi zake. Alipanda bampa, akaruka juu yake mara mbili tatu, akawatazama wenzake. Alishika fremu ya nyuma kama mtu anayejaribu kitanda dukani. Kisha akasimama ubavuni, akatoa ufunguo mfukoni mwake, akakwaruza mlango. Bluu ikatoka kama ganda. Akakwaruza tena, mstari mrefu. Chini yake kulikuwa na kijani.

Hakutabasamu tena.

"Hii bluu ni ya wapi?"

"Ya masomo, patron. Mimi ni mwalimu."

"Na hii ya chini?"

Muzee aliweka spana chini. "Ilinunuliwa soko."

"Soko gani inauzishaka hii?" Alisubiri, kisha akauliza polepole, kama anayemsaidia mtoto. "Gari hii ilikuwa ya nani mbele ya nyinyi? Nani aliiacha hapa?"

Nilikuwa natafuta maneno, na kila neno nililopata lilikuwa na mlango unaofungukia kwenye shimo. Tukisema tulipaka sisi, kwa nini kijani? Tukisema tuliikuta hivyo, tuliikuta kwa nani?

"Onyesheni mikono," akasema. "Nataka kuona mwenye gari."

Tukainua mikono. Muzee, Koko, mimi, Kambale. Alipita mbele yetu kama anayekagua kucha shuleni. Mikono yote ilikuwa myeusi. Alisimama mbele ya Koko, mama mzee mwenye kitambaa kichwani na viganja vya fundi, na kwa mara ya kwanza akaonekana hajui afanye nini. Askari mmoja akacheka puani.

Hapo ndipo alipouliza lile swali.

"Nani anaendeshaka hii gari?"

Mwanangu, kimya kina uzito, na kina upande. Nilihisi kimya chetu kikianza kuelemea kwa Kambale. Niliyakaza macho yangu kwenye kopo la oili. Niliogopa kwamba nikiyainua yataenda kwake yenyewe. Nilisikia Kambale akivuta pumzi, pumzi ya mtu anayetaka kusema, na akilini nilimwona Bahati, lori lake, mkono unaoonyesha njia.

"Njo mimi," muzee akasema.

Yule mtu akageuka. "Wewe, muzee?"

"Gari ni yangu. Nitamupatia nani?"

"Na huyu kijana?"

"Huyu? Huyu anafungaka boliti, kisha anazipoteza."

"Panda."

Muzee alifuta mikono kwenye ovaroli, akaenda. Mlango ulimkatalia, akauvuta tena. Aliketi. Alishika usukani kwa mikono miwili, juu kabisa, kama mtu aliyeshika mgongo wa kiti kanisani. Ufunguo ulikuwa mahali pake. Akaugeuza.

Gari liliruka mbele kama lililochomwa na kitu, likazima. Koko alinishika mkono, oili na oili, tukashikana mpaka vidole vikauma.

"Embreyaji, muzee," askari mdogo akamwambia, akiwa anacheka. "Ile pedeli ya kushoto. Kanyaga ile ya kushoto."

Muzee akainama kuangalia miguu yake. Aliiangalia kwa muda, vile viatu vyeusi, kana kwamba anatafuta ni kipi. Akageuza tena. Gari likalia, likatetemeka, likazima. Jasho lilikuwa linamshuka shingoni. Yule mwembamba hakuwa akicheka. Alikuwa ameishusha bunduki kutoka begani na kuishika mkononi, mtutu ukielekea chini.

"Tena," akasema.

Mara ya tatu injini ilipiga kelele kubwa, gari likaondoka kwa nguvu, likaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe ya lava. Bampa letu, lile la bomba nene tulilojivunia, lilikuwa limefungwa vibaya. Lilirudi nyuma likaingia kwenye rejeta. Maji ya kutu yakamwagika, mvuke ukapanda, na maji yakatambaa juu ya mawe mpaka kwenye buti za yule mtu.

"Unatuchezea, muzee?"

Aliuliza kwa sauti ndogo. Muzee alishuka akashikilia mlango. "Nisamehe, patron. Niko tayari. Tuijaribu tena."

"Mumuache, papa," Koko akasema. Sikujua kama alikuwa na sauti wakati ule. "Hata mulango ya nyumba anagongaka."

Sijui kilichompita yule mtu kichwani. Nimejiuliza mara nyingi, na ni mojawapo ya maswali ambayo sina wa kumuuliza. Aliangalia maji. Aliangalia mvuke. Aliangalia mikono yetu minane, yote myeusi. Kisha akaivuta bunduki juu ya bega. "Gari na mwenyewe, bote banaisha," akawaambia wenzake, kwamba wote wawili wamekwisha. Wakatoka, na tukasikia lango la jirani likigongwa.

Muzee aliketi juu ya jiwe na hakuweza kufungua kamba za viatu vyake, ikabidi nimfungulie mimi. Ilikuwa jioni ndipo Kambale alipoanza kucheka, kicheko cha homa. "Muzee, umewapigia teatri. Embreyaji iko wapi? Umeangalia miguu kama mutoto." Sote tukacheka mpaka tukalia. Muzee alimtazama, akasema tu, "Maji yote yamepotea. Leteni ndoo."

Hivyo ndivyo hadithi ilivyozaliwa, hii unayoijua wewe na watoto wote wa ukoo huu: jinsi muzee Paluku, dereva wa zamani wa misioni, alivyojifanya hajui kuendesha akawashinda wenye bunduki kwa akili. Mimi nimeisimulia kuliko wote. Niliipeleka mpaka chuo, nikaisimulia darasani kama mfano wa silaha ya asiye na silaha, na profesa akaandika maneno yangu ubaoni. Muzee alikuwa akiisikia ikisimuliwa mbele yake kwenye sikukuu, akacheka na wengine, akaomba apewe chai. Alifariki kwa amani, kitandani kwake, na tuliisimulia kwenye maziko.

Sasa nisikilize, Masika, nikuambie ninachotaka ukishike.

Tengeneza gari lako. Sitakuambia uache, na asikudanganye mtu kwamba woga ni busara. Jumamosi za uani ule ndizo zilizotulea. Lakini kabla hujaongeza kitu, taa, chuma, rangi, toka nje ya lango usimame barabarani uangalie kama mtu asiyekujua. Jiulize ni nani mwingine atakitamani, na atamtamani nani pamoja nacho. Pale kinapokupendeza mno, angalia mara ya pili. Kujua kwako kuendesha si habari ya mtaa, wala si habari ya simu. Na mikono ya wote iwe myeusi. Usimwache mdogo wako asimame na alama peke yake. Swali kama lile likija, na ninaomba lisije, lisimwangukie mtu mmoja huku wengine tunatazama kopo la oili.

Na rangi, mwanangu, iwe bluu. Safari hii tuisubiri ikauke.

Mungu wa muzee Paluku akutazame kabla hawajakutazama wengine. Akupe kazi ya mikono yako na watu wa kuchafuka pamoja nawe. Kila barabara utakayoishika ikurudishe kwenye lango hili, na atakayeligonga awe mgeni wa chai.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini ulipoondoka na simu ya baba yako wiki ile nilikwenda kwa Koko, ili nikuandikie mambo kwa usahihi. Nilimkuta anachambua maharagwe. Nikamuuliza, ile gari ya misioni ambayo muzee alikuwa akiendesha Kalengera ilikuwa ya aina gani?

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Muzee."

"Paluku?" Aliacha maharagwe akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba mjukuu wake ana homa. "Padri njo alikuwa anaendesha. Paluku alikuwa anakaa pembeni, anashika kuku."

Nikamwambia, basi alijifunza baadaye, hapa Goma. Akatikisa kichwa. Mimi ninayeuliza kila kitu sikuwa nimewahi kuuliza hili, miaka yote, na Koko hakuona kama kuna mtu anayehitaji kuambiwa. Ndipo akanieleza kwamba asubuhi ile, kabla hatujaamka, muzee alimwomba viatu vya kanisani na sweta nzito. Alimwambia kwamba wakija atasema ni yeye, na Rutshuru kuna baridi usiku.

Hakuwa amejifanya. Muzee Paluku hakujua kuendesha gari.